Mabehewa manane, reli tatu: mchezo wa kompyuta na kazi ya yadi tunayoisahau



Ukimtajia mtu wa kwetu treni, mara moja atakumbuka safari. Atakumbuka wauza asali wa Tabora, mizigo iliyofungwa kwa kamba, watoto waliolala sakafuni, na honi ya usiku porini. Ni haki yake, kwani abiria ndivyo anavyoijua reli. Lakini treni ya mizigo haizaliwi stesheni. Kabla haijatoka, kuna watu waliokaa nayo saa nyingi mahali ambapo abiria hafiki, wakitoa behewa hili nyuma ya lile, wakiliingiza lile mbele ya hili, mpaka mstari wote ukae kwa utaratibu unaotakiwa. Mahali hapo ni yadi. Nyumbani wafanyakazi wa reli huiita kazi hiyo sogeza, na kichwa cha treni kinachoifanya huitwa kichwa cha sogeza.

Makala yetu ya leo inahusu kazi hiyo, ila tumeifikia kwa mlango wa nyuma, yaani mlango wa michezo ya kompyuta. Ipo michezo ya kuendesha treni, na ndani yake wapenzi hutunga kazi ndogo ndogo za yadi: hapa pana mabehewa kadhaa, hapa pana reli kadhaa, hii hapa karatasi ya oda, haya yapange. Wasiojua huuliza, kuna raha gani kusukuma behewa mbele na nyuma usiku kucha? Jibu tutalitoa, na tutaeleza pia kwa nini tunadhani jambo hili linatuhusu sisi Waswahili kuliko linavyoonekana.

KAZI ISIYOONEKANA

Tuanze na msingi wenyewe. Gari la barabarani likikutana na jingine hupita pembeni. Behewa haliwezi. Likiwa la tatu kutoka mdomoni mwa reli, halitoki mpaka yale mawili yaliyo mbele yake yatolewe kwanza. Na yakishatolewa, lazima yapate pa kuwekwa. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu nafasi katika yadi ni ndogo, na kila unapolihamisha behewa moja unaweza kuwa unalizibia njia jingine utakalolihitaji baadaye.

Kwa nini basi yapangwe? Kwa sababu treni moja hubeba mizigo ya watu wengi waendao sehemu nyingi. Chukulia treni inayotoka pwani kuelekea Tabora. Pale Tabora njia hugawanyika: moja huenda Kigoma, iliyofikiwa na reli mwaka 1914, na nyingine huenda Mwanza, iliyofikiwa mwaka 1928. Kama mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza yamechanganyika kama mchele na choroko, treni itakaa Tabora mpaka itenganishwe, na njia itakuwa imezibwa. Kama yamepangwa makundi mawili tangu mwanzo, kiungo kimoja kinafunguliwa na kila kundi linashika safari yake.

Kisha kuna utaratibu ndani ya kundi lenyewe. Katika njia ya Mwanza, treni hupita Isaka, ambako kuna bandari kavu inayohudumia mizigo ya Rwanda na Burundi. Mabehewa ya kuachwa Isaka yafaa yakae karibu na kichwa. Dereva akifika, yanafunguliwa nyuma, anakwenda nayo pembeni, anayaacha, anarudi kuungana na treni yake. Yakiwa yamebanwa katikati ya mabehewa ya Mwanza, kazi ya muda mfupi inageuka kuwa ya saa nzima au zaidi. Mfanyabiashara aliyeko Kigali haioni yadi, lakini gharama ya yadi mbovu ataiona kwenye bei ya mzigo wake.

FUMBO LA MABEHEWA MANANE

Wapenzi wa reli ndogo za mezani nchini Uingereza waliligundua zamani jambo hili kuwa ni fumbo zuri. Mmoja wao, Alan Wright, alilipa sura ambayo inajulikana mpaka leo kwa jina la Inglenook Sidings. Huko Marekani, John Allen wa Monterey, California, naye alitoa la kwake mwaka 1972 na kuliita Timesaver. Lile la Allen huchezwa kwa kushindana na saa. La Wright ni dogo zaidi, ila lina utamu wake, na watunzi wengi wa kazi za yadi katika kompyuta wamelichukua kama lilivyo.

Sheria zake ni chache. Kuna reli tatu zinazotoka kwenye mdomo mmoja. Ya kwanza, tuiite A, inachukua mabehewa matano. B inachukua matatu, na C matatu. Upande wa pili wa mdomo kuna kipande cha reli ambacho kinatosha kichwa pamoja na mabehewa matatu tu, hakiongezeki. Mabehewa ni manane, na kila moja lina namba yake. Unachagua matano kwa bahati nasibu, nayo lazima yakae kwenye reli A kwa mpangilio uliotoka. Matatu yaliyobaki yakae popote.

Msidharau udogo wake. Mabehewa matano kutoka manane, kwa kufuata mpangilio, yanatoa oda 6,720 tofauti. Na mabehewa yote manane yanaweza kupangwa mwanzoni kwa namna 40,320. Mtu anaweza kucheza kila siku ya maisha yake na asikutane na hali ileile mara mbili.

TUFANYE MFANO

Msomaji mwenye subira achukue vizibo vinane vya soda, aviandike namba, tufuatane.

Oda yetu inataka reli A iwe na 5 mwisho kabisa kwenye kizuizi, kisha 4, kisha 3, kisha 2, na 1 iwe mdomoni. Tunapofika asubuhi tunakuta hivi. Reli A, kuanzia kizuizini kuja mdomoni, ina 5, 4, 7, 3, 2. Reli B, kwa kuhesabu vivyo hivyo, ina 1, 6, 8. Reli C ni tupu.

Tazama kwanza, usiguse kitu. Reli A karibu imekamilika. Adui ni 7 aliyejipenyeza katikati, na 1 aliyefukiwa kule mwisho wa reli B.

Kichwa kinaingia A na kuvuta matatu: 2, 3 na 7. Yakiwa nje, 2 limeshikana na kichwa na 7 liko mbali kabisa. Hapa ndipo siri ya yadi ilipo: behewa lililo mbali na kichwa ndilo la kwanza kuachwa. Tunasukuma kuelekea C, tunalifungua 7, tunaliacha. Tumebaki na 2 na 3. Tunarudi A, 3 linagusana na 4, tunaviacha vyote viwili. Sasa A ina 5, 4, 3, 2.

Tunakwenda B na kuvuta matatu yote. 8 limeshikana na kichwa, 6 linafuata, na 1 ambalo lilikuwa limefukiwa sasa liko mbele kabisa ya msukumo wetu. Tunaingia A, 1 linagusana na 2, tunalifungua. Oda imekamilika. 8 na 6 tunayarudisha B. Tumeingia katika reli mara sita tu, na kazi imekwisha.

Sasa angalia ambaye ana haraka angefanya nini. Angeona 1 liko B, angelikimbilia kwanza na kulihifadhi C. Halafu angekwenda A kumtoa 7, na kwa kuwa C ndiyo yenye nafasi inayomjia machoni, angemweka hapo. Tayari amelifukia 1 nyuma ya 7 kwa mikono yake mwenyewe, na itabidi amwondoe tena. Hakuna sheria aliyovunja. Ila hakuuliza: hili ninaloliweka hapa, litamzibia nani?

Huo ni mfano mwepesi. Ziko oda ambazo zitakulazimisha kuharibu reli A iliyokaribia kukamilika ili kuipata njia, na hizo ndizo zinazowakesha watu.

KUTOKA MEZANI HADI KWENYE KOMPYUTA

Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wa Train Simulator, uliotengenezwa na Kuju ya Uingereza. Mwaka huohuo Auran ya Australia ilitoa Trainz. Michezo hii haikuishia kumpa mtu usukani. Ilimpa pia vyombo vya kutunga kazi. Mtunzi aliweza kuweka mabehewa kwenye reli aliyoichagua, akaandika maelezo ya kazi, akapanga hali ya hewa na saa, na kuiambia kompyuta ni tendo gani lihesabiwe: kuchukua mabehewa, kuyaacha mahali fulani, au kuunda treni nzima.

Mchezo wa Microsoft uliachwa na wenyewe, na ule uliokusudiwa kuurithi ulikufa mwaka 2009 pale studio iliyokuwa ikiutengeneza ilipofungwa. Lakini wapenzi hawakukubali. Walijikusanya na kuandika programu ya bure iitwayo Open Rails, ambayo inasoma njia, vichwa na kazi zilizotungwa kwa ajili ya mchezo ule wa zamani. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipakua bila kulipa senti. Humo, herufi G hubadilisha swichi ya reli iliyo mbele ya kichwa, na kitufe cha F9 huleta picha ya mabehewa yote ya treni yako, ukachagua kiungo cha kufungua. Ukiyajua hayo mawili pamoja na breki, umeanza kazi ya yadi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika Derail Valley, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, mchezaji hakai tu kwenye kiti cha dereva. Anachukua karatasi ya oda ofisini, anatembea kwa miguu kando ya reli akitafuta namba za mabehewa, anafunga mnyororo wa kiungo, anaunganisha mpira wa hewa ya breki, na anafungua koki zake. Akisahau moja, atajua huko mbele kwenye mteremko.

Kazi nzuri ya yadi, kwa mtazamo wetu, inatambulika kwa mambo manne. Kwanza, nafasi ni finyu lakini inatosha. Mtunzi akiweka reli nyingi tupu, fumbo limekufa. Pili, oda inaeleweka: namba ya behewa, liko wapi, linakwenda wapi. Tatu, kuna sababu. Behewa la mafuta haliendi kwenye ghala la mahindi kwa kuwa tu mtunzi amependa. Nne, kuna dunia nje ya yadi: treni ya abiria inapita saa fulani, na kabla ya hapo kichwa chako kiwe kimeondoka kwenye njia kuu. Mtunzi aliyetimiza hayo manne amekupa siku moja ya maisha ya mtu wa reli.

BREKI YA MKONO SI PAMBO

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo si mchezo.

Chuma juu ya chuma hakina msuguano mkubwa. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta maelfu ya tani. Lakini ndiyo maana pia behewa la tani 60 lililoachwa kwenye mteremko wa mita moja kwa kila mita mia, ambao jicho la mtu karibu halioni, linaweza kuondoka lenyewe. Uzito wake unalivuta kwa nguvu ya kilo 600. Ukinzani wa magurudumu yake ni mdogo kuliko hapo kwa mbali sana. Kinacholizuia ni breki tu.

Breki ya hewa hushika kwa sababu kuna hewa iliyohifadhiwa. Behewa likikaa muda mrefu bila kichwa, hewa hiyo huvuja. Kwa hiyo sheria ya yadi dunia nzima ni moja: behewa linaloachwa lifungwe breki ya mkono, na yakiwa mengi zifungwe za kutosha, kisha ujaribu kuyasukuma kidogo uone kama kweli yameshika.

Tarehe 6 Julai 2013, huko Lac-Mégantic nchini Canada, treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi ilikuwa imeachwa usiku kwenye mteremko bila mtu. Ilikuwa imefungwa breki saba za mkono. Injini iliyokuwa ikitunza hewa ya breki ilizimwa baada ya kushika moto, hewa ikapungua polepole, na breki saba hazikutosha. Treni ilishuka zaidi ya kilomita 11 na kuingia katikati ya mji kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Watu 47 walikufa.

Na sisi tunayo ya kwetu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kwenye kilima, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi na kuigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walipoteza maisha. Wapo wasomaji wetu ambao walizika ndugu wakati ule, na wapo waliopokea habari hiyo kwa simu wakiwa mbali kama tulivyo sisi sasa. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Yule anayesema kuwa kufunga breki kwenye mchezo ni kupoteza muda, tungependa asome habari hizo mbili kwanza.

Viungo navyo vina historia ya damu. Huko Marekani katika karne ya 19, mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini. Mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, akaielekeza pete kwa mkono, akatumbukiza pini. Wengi walipoteza vidole na wengine maisha. Eli Janney alipata hakimiliki ya kiungo kinachojifunga chenyewe mwaka 1873, lakini makampuni hayakuona sababu ya kutoa fedha. Ilibidi sheria itungwe mwaka 1893, na ikaanza kushika kikamilifu mwaka 1900. Maana yake, chombo cha kuokoa watu kilikuwapo kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya wenye reli kulazimishwa kukitumia. Na barani Ulaya mpaka leo mabehewa mengi ya mizigo bado hufungwa kwa mnyororo na skrubu, na mtu bado huingia kati.

Katika kompyuta, ukigonga behewa kwa kasi unakatwa pointi. Ndiyo maana mtunzi mzuri huweka kikomo: usiguse behewa kwa mwendo unaozidi wa mtu anayetembea. Mchezaji huona anabanwa. Lakini aliyesimama yadini na taa mkononi usiku wa mvua hakuwa na pointi za kupoteza.

YADI ZILIZOKUFA NA ZILIZO HAI

Huku Ulaya na Marekani yadi kubwa hutumia tuta. Treni husukumwa mpaka juu ya tuta, mabehewa hufunguliwa moja moja, na kila moja hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye reli yake, huku breki zilizofungwa kwenye reli zenyewe zikilipunguza mwendo. Yadi iliyo kubwa kuliko zote duniani ni Bailey, iliyoko North Platte, Nebraska, mali ya Union Pacific. Ina eneo la ekari 2,850, na urefu wake ni kama kilomita 13. Ina matuta mawili, moja la mabehewa yaendayo mashariki na jingine la yaendayo magharibi. Kwa Ulaya, kubwa ni Maschen, kusini ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1977.

Uingereza nayo ilikuwa na zake. Whitemoor, katika mji wa March, Cambridgeshire, ilipata tuta la kisasa mwaka 1929, na siku zake ilikuwa miongoni mwa yadi kubwa za nchi hii. Kisha malori yakachukua mizigo midogo, makontena yakaja, treni zikaanza kwenda moja kwa moja kutoka bandarini hadi mwisho wa safari bila kupangwa upya njiani. Tinsley, karibu na Sheffield, ilifunguliwa mwaka 1965 kwa fahari kubwa, na kabla miaka ya 1980 haijaisha tuta lake lilikuwa limekwisha kazi. Sehemu ya ardhi ya Whitemoor ilijengwa gereza, likafunguliwa mwaka 1991. Tangu mwaka 2004 sehemu nyingine ya ardhi hiyo imerudi kuwa yadi, ila ya kuhudumia matengenezo ya reli.

Tunayasema haya kwa sababu Waingereza, pamoja na kuzifunga yadi zao, hawakuziacha zisahaulike. Wastaafu waliandika. Ramani za reli zilihifadhiwa. Vijana wakazichukua ramani hizo wakazijenga upya mezani na ndani ya kompyuta, reli kwa reli, swichi kwa swichi. Mtu ambaye hakuwa amezaliwa yadi ilipofungwa anaweza leo kufanya kazi ndani yake.

TUKIWA NA YA KWETU

Ule mchezo wa Microsoft wa 2001 ulikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. Afrika haikuwamo. Hatulaumu, kila mtu hupika anachokijua. Lakini nani atapika cha kwetu?

Malighafi tunayo tele. Chukua Kidatu, mkoani Morogoro. Hapo ndipo zinapokutana reli mbili zisizoweza kuungana: ile ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ile ya zamani yenye upana wa mita moja. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne. Kwa vidole hivyo vinne, behewa la Zambia haliwezi kwenda Mwanza. Mwaka 1998 kilianzishwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine.

Fikiria kazi ya yadi iliyotungwa mahali pa namna hiyo. Treni imefika kwenye reli ya TAZARA na makontena manane. Upande wa pili yanasubiri mabehewa manane ya reli ya mita moja. Winchi inaweza kufikia mawili kwa wakati mmoja. Matatu ni ya Kigoma, matatu ya Isaka, mawili ya Mwanza. Lazima uyalete mabehewa chini ya winchi kwa utaratibu ambao, treni ikishakamilika, ya Isaka yatakuwa mbele ya yale ya Mwanza, na ya Kigoma yatakuwa kundi lake. Na ukumbuke, treni ikifungwa kichwa upande wa pili, wa kwanza anakuwa wa mwisho na mpango wako wote umepinduka. Hilo ni fumbo ambalo Waingereza na Wamarekani hawana, kwa sababu linatokana na historia yetu: Mjerumani alijenga na upana wake, Mchina akajenga na wa majirani wa kusini, na siku hizi ipo reli ya tatu, ile ya kisasa ya milimita 1,435, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024.

Kwa upande wa Kenya, vichwa vya Garratt vya aina ya 59 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1950 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja, namba 5918, Mount Gelai, kiko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Chuma basi kimehifadhiwa. Swali letu ni kuhusu watu.

WAZEE BADO WAPO

Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kijana aliyeajiriwa yadini mwaka ule akiwa na miaka 20, leo amevuka 65. Ni babu wa mtu. Pengine ni babu yako wewe unayesoma makala hii Muscat, au Minneapolis, au Leicester. Anajua reli ngapi zilikuwa kwenye yadi yake, ipi iliingiza mabehewa mangapi, wapi palikuwa na mteremko wa hila, na taa ikizungushwa hivi dereva alitakiwa afanye nini. Mambo hayo hayamo kwenye ripoti za mawaziri. Yamo kichwani mwake, na kichwa hicho hakitakaa milele.

Sisi ambao kalamu zetu zilitufanya tuhame hatuwezi kwenda kukaa naye kibarazani. Wengine mnaweza, na ambao hamwezi mna simu. Mpigie. Usimwulize habari za maisha kwa jumla, kwani atakujibu "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize swali la kazi: Babu, treni ya mizigo ikiingia na mabehewa 30 yaliyochanganyika, mlianza na lipi? Mwambie achore reli kwenye karatasi, mjukuu mmoja aipige picha na kukutumia. Kwa karatasi hiyo na programu ya bure, kijana mwenye subira anaweza kuijenga yadi ile na kutunga kazi ndani yake, na mzee akaitazama na kusema: hapana, pale pana swichi nyingine umeisahau.

Akishasema hivyo, jueni mmeshinda, kwa sababu ameanza kufundisha.

Wasomaji walio na wazazi au mababu waliofanya kazi ya sogeza, iwe Tabora, Moshi, Nakuru, Tororo au Lubumbashi, watufikishie habari zao. Tutazichapisha kwa jinsi watakavyozisimulia wenyewe. Na wale watakaokaa na vizibo vinane usiku wa leo, tunawatakia kazi njema. Msisahau breki ya mkono.